Malalamiko Yako Yamefikia Wapi?

Ulimkabidhi wakili kesi ya shamba lako la kakao hapa Ngonga, ukamlipa, na siku ya kesi hakuonekana mahakamani. Ukalalamika kwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Miezi inapita. Ukipiga simu unajibiwa, "Linashughulikiwa."

Una haki ya kujua linashughulikiwaje. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inazifunga taasisi za umma, na hata taasisi binafsi zilizosajiliwa zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa za maslahi makubwa kwa umma. Mwenye shauri katika Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga, naye aitumie.

Wengi hukwama kwenye barua yenyewe. Wanalalamika upya, wanasimulia uchungu wote tangu mwanzo, na hakuna mahali walipoomba taarifa. Wewe taja unachotaka kukiona: lalamiko lilisajiliwa lini na kwa namba gani, wakili aliitwa kujibu au la, limepangiwa tarehe ipi, kama limefungwa, nakala ya uamuzi na sababu zake. Ombi la jumlajumla ni rahisi kulikwepa.

Ipeleke barua kwa afisa taarifa wa taasisi hiyo, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au risiti ya posta ukituma kutoka Kyela mjini. Bibi asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo. Afisa ana wajibu wa kuliandika ombi lake. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30, na wakikataa watoe sababu.

Taarifa zinazoingilia faragha ya mtu mwingine, kama faili la mgonjwa asiye wewe, hutapewa. Na haki hii ni ya raia: jirani raia wa nchi ya ng'ambo ya Mto Songwe, hata kama mmeoleana, hawezi kuomba kwa sheria hii.

Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Naye akikataa, siku 30 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri. Hapo ndipo sheria yetu inaponiuma. Wakenya, kwa sheria yao ya mwaka huohuo wa 2016, hujibiwa ndani ya siku 21, na wakinyimwa hupeleka shauri kwa tume huru ya malalamiko ya umma. Mkulima wa Ngonga naye anastahili mwamuzi asiyekaa serikalini.