Jua Haki Zako: Mzee Anapohitaji Makazi, Uamuzi ni Wake

Tuchukue mfano wa familia moja ya Ipililo, wilayani Maswa mkoani Simiyu. Bibi ameshapita miaka 75. Macho yamepungua nguvu na magoti hayamruhusu kwenda kuteka maji. Watoto wametawanyika: mmoja yuko machimboni Geita, mwingine ana duka Kahama, wa tatu alihamia Morogoro na mifugo yake. Bibi amebaki na mjukuu anayesoma darasa la tano. Jioni moja watoto wanakubaliana kwa simu kwamba mama apelekwe "kituo cha wazee kule Shinyanga". Mama mwenyewe hakuulizwa.

Huenda watoto hao wana nia njema. Hata hivyo, nia njema haimwondolei mzee haki zake. Kabla hujapanga safari ya kumhamisha baba, mama, shangazi au babu, soma haya kwanza.

Nani anaamua?

Mzee mwenye akili timamu anaamua mwenyewe pa kuishi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi, na haiweki ukomo wa umri. Ibara ya 12 inataka utu wa kila mtu uheshimiwe. Kuwa mtoto wa mtu hakukupi mamlaka ya kumhamisha kwa nguvu, kumfungia ndani au kumdanganya kwamba anakwenda hospitali kumbe anapelekwa kwenye makazi.

Umoja wa Afrika nao umeliona hilo. Itifaki yake ya Haki za Wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inataka huduma ya makazi iwe ya hiari na ya gharama anayoimudu mzee.

Ikiwa mzee amepoteza kumbukumbu kiasi cha kushindwa kuamua, msigawane madaraka kwenye kikao cha ukoo. Mpelekeni hospitali akapimwe. Kwa usimamizi wa mali yake, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatoa njia ya kuomba mahakama iteue msimamizi, na msimamizi huyo atawajibika mbele ya mahakama.

Makazi ya serikali ni ya nani?

Makazi ya serikali yaliyo jirani na mkoa wa Simiyu ni Kolandoto, Shinyanga, na Bukumbi, wilayani Misungwi mkoani Mwanza. Yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalumu. Humo mzee anapewa malazi, chakula, mavazi na matibabu bila malipo.

Makazi hayo yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, inaitaja familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makazi kuwa hatua ya mwisho. Kwa hiyo familia yenye watoto watatu wenye kipato isishangae ombi lake likikataliwa. Ofisa ustawi wa jamii atauliza watoto wako wapi, na ana haki ya kuuliza.

Utaratibu huanzia kijijini. Mtendaji wa kijiji anaandika barua ya kumtambulisha mzee, barua inapita kwa mtendaji wa kata, kisha inafika kwa ofisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Maswa. Huyo ndiye anayechunguza hali ya mzee na ya familia. Usimpeleke mzee moja kwa moja hadi getini ukamwacha hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaka mtu anayemtunza mwingine asiyejiweza kwa sababu ya umri au ugonjwa ampatie mahitaji ya lazima ya maisha. Kumtelekeza mtu wa namna hiyo akadhurika kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kituo cha dini au cha mtu binafsi

Vipo pia vituo vinavyoendeshwa na mashirika ya dini na watu binafsi. Nenda ukakione kabla ya kukubali, na mzee aende nawe kama afya inaruhusu. Uliza haya:

- Kituo kimesajiliwa wapi, na je, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika anakitambua? Omba kuona cheti.
- Usiku wanalala wahudumu wangapi, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali gani?
- Choo na bafu vinafikika kwa mtu wa mkongojo au wa kiti cha magurudumu?
- Kuna mhudumu anayeelewa Kisukuma? Mzee asiyejua Kiswahili vizuri atashindwa hata kusema anaumwa wapi.
- Ndugu wanaruhusiwa kumtembelea lini, na mzee anaruhusiwa kutoka kwenda msibani au nyumbani?
- Malipo ni kiasi gani, yanahusu nini, na akiamua kuondoka anarudishiwa nini?

Majibu ya malipo yawe kwenye maandishi, na kwa kila fedha unayotoa udai risiti. Kituo kikitaka mzee akabidhi shamba au nyumba ndipo apokelewe, usisaini chochote kabla ya kuonana na mwanasheria.

Shamba na nyumba vinabaki vya nani?

Hapa ndipo wazee wengi wanapoumizwa. Mzee akihama, shamba lake la pamba na nyumba yake vinabaki kuwa vyake. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu. Urithi unafunguka mtu akifa. Mzazi akiwa hai, mtoto hana fungu la kudai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, hivyo shemeji asimwambie mjane kwamba akitoka tu shamba limerudi kwenye ukoo.

Sheria hiyohiyo ina jambo la kuangalia. Ardhi isiyotumika kwa muda usiopungua miaka mitano inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Halmashauri ya kijiji inapaswa kuzingatia umri na hali ya mwili ya mwenye ardhi kabla ya kufikia uamuzi huo, lakini usisubiri ifike huko. Mzee anapohama, aandike barua kwa halmashauri ya kijiji akieleza nani atalima shamba kwa niaba yake, na nakala abaki nayo. Kama hana hati ya hakimiliki ya kimila, aiombe angali kijijini.

Tahadhari ya pili ni dole gumba. Mzee asiweke dole kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu anayemwamini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu mkataba utenguliwe ikiwa mtu mwenye nguvu juu ya mwenzake alimshawishi isivyo haki, na inawataja waziwazi watu ambao umri au ugonjwa umedhoofisha akili zao.

Kama mzee anataka kubaki nyumbani

Mara nyingi jibu analolitaka ni hilo, na njia zipo. Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Mwulize mtendaji kuhusu kitambulisho cha matibabu. Kaya maskini inaweza kuombewa kuingizwa kwenye mpango wa TASAF kupitia mkutano wa kijiji. Tofauti na Zanzibar, ambako tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 na kuendelea wanalipwa pensheni ya kila mwezi, Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Kwa hiyo watoto wagawane majukumu kwa maandishi: nani anatuma fedha ya chakula, nani analipa msaidizi wa nyumbani, nani anakuja kipindi cha kilimo.

Na kama sababu ya kumhamisha bibi ni maneno ya majirani kwamba macho yake mekundu ni ya mchawi, basi tatizo halipo kwake. Macho hayo yameumizwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Kutishia kuua ni kosa la jinai. Toeni taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji mara moja, na mzee akihitaji hifadhi ya haraka, ofisa ustawi wa jamii aambiwe ukweli wote.

Haki inadaiwa wapi?

Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee. Lakini Ibara ya 7 inasema mahakama haiwezi kutekeleza masharti ya sehemu hiyo. Ndiyo maana wazee wa Bara wanahitaji sheria yao kamili, maana sera peke yake haimshtaki mtu. Haki za utu, makazi na mali, kuanzia Ibara ya 12, zinaweza kudaiwa Mahakama Kuu.

Kwa mgogoro wa ardhi, anzia baraza la kijiji au la kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halitoi hukumu. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kipigo au vitisho, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anapata msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Waulize wasaidizi wa kisheria walio wilayani kwenu.

Wewe mtoto uliye mbali, mpigie mzee simu leo, umwulize anataka kuishi wapi na kwa nini. Jibu lake ndilo litangulie kwenye kikao chochote cha familia.