Kufundisha Kani: Tuanze na Mkokoteni

Walimu wengi huanza somo la kani kwa kuandika ubaoni: kani = tungamo × mchapuko. Wanafunzi hunakili, hukariri, hukokotoa, na majibu yao huwa sahihi. Hata hivyo, kukokotoa si kuelewa.

Nilipokuwa mwalimu mpya nilifundisha hivyo. Mtoto mmoja, ambaye kila asubuhi alisukuma mkokoteni wa maji, aliuliza: "Mwalimu, mimi nasukuma njia nzima, lakini mwendo hauzidi. Mbona kanuni yasema utazidi?" Nilimwamuru akae asivuruge somo. Kumbe mtoto alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijaielewa kanuni.

Kanuni hii, itokanayo na sheria ya pili ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, haihusu kani ya msukumaji peke yake. Yahusu kani inayobaki baada ya kuondoa kani zinazopinga, kama vile msuguano. Tuiite kani halisi.

Darasani, yafaa tufuate hatua hizi:

1. Tueleze maneno kwanza. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilogramu. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo huongezeka katika kila sekunde.

2. Tukokotoe. Mkokoteni pamoja na madumu yake una tungamo la kilogramu 100. Katika kila sekunde, mwendo wake waongezeka kwa mita 0.5 kwa sekunde. Kani halisi = 100 × 0.5 = nyutoni 50.

3. Tuingize msuguano. Ukiwa ni nyutoni 70, msukumaji hana budi kutumia 50 + 70 = nyutoni 120.

4. Mkokoteni ukiwa mwendoni, msukumaji apunguze kani yake hadi nyutoni 70. Kani halisi = 70 − 70 = 0. Mchapuko nao ni sifuri. Mkokoteni hausimami, bali waendelea kwa mwendo uleule. Hilo ndilo jibu alilostahili mtoto yule.

Mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, usilinyamazishe swali linalopingana na ubao. Lipime kwanza, huenda mwulizaji ameona jambo ambalo wewe umelikariri tu.

Zoezi: Msukumaji akitumia nyutoni 95 kwa mkokoteni huohuo, mchapuko utakuwa kiasi gani? Eleza jinsi utakavyowaongoza wanafunzi kulipata jibu hilo wenyewe.