MZIO: KWANZA KUPIMA, NDIPO KUZIA



Neno mzio ni la zamani katika lugha yetu. Latoka katika kuzia, yaani kujinyima kitu kwa sababu chadhuru au kimekatazwa. Mtu akisema, "Samaki huyu ni mzio wangu," huondoa mkono sahanini, wala mwenye nyumba hachukizwi. Siku hizi matabibu wamelitwaa neno hilo hilo kuutaja ugonjwa ambao wengine huuita aleji. Limechaguliwa vema, walakini lina hatari yake: latufundisha kuzia upesi, kabla hatujajua kama kitu kile ndicho chenye kosa. Katika somo la mwezi huu twataka kuonyesha mambo mawili. Kuzia bila kupima kwaweza kumnyima mtu chakula chake, hata dawa ya kumwokoa. Tena, kuujua mzio wa kweli bila kujiweka tayari kwaweza kuua.

1. Mlinzi wa mwili na makosa yake

Mwilini mwa kila mtu mna ulinzi uitwao kinga. Kazi yake ni kama ya mlinzi langoni: kumtambua adui na kumzuia, kumtambua mwenyeji na kumwacha apite. Mlinzi huyu aweza kukosa kwa njia tatu.

Kosa la kwanza ni udhaifu: adui huingia asizuiwe. Mwaka 1952 tabibu wa Marekani, Ogden Bruton, aliandika habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua tena na tena magonjwa makali ya vijidudu. Alipoipima damu yake, akaona haina zile protini za kinga zilizomo katika damu ya watu. Akamchoma sindano za protini hizo zilizotolewa katika damu ya wengine, naye akapata nafuu kubwa.

Kosa la pili ni kuwapiga wenyeji. Kinga huzishambulia sehemu za mwili wenyewe, kama vile viungo, figo au kongosho. Kisukari kinachowapata watoto mara nyingi hutokana na kosa hili.

Kosa la tatu ni kumpiga mgeni asiye na hatia. Chavua ya maua, karanga, samaki au dawa huingia bila nia mbaya, na mlinzi humwinukia kama adui. Huu ndio mzio. Yatupasa kuyatenga makosa haya matatu, maana dawa zake hazifanani: wa kwanza ataka kuongezewa kinga, wa pili ataka kinga yake itulizwe, na wa tatu ataka kwanza ajue ni mgeni gani anayepigwa.

2. Jinsi mzio ulivyojulikana

Wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu za viumbe wa baharini. Walitaka kuwazoeza mbwa sumu ile ili isiwadhuru tena. Mbwa aliyepewa sumu mara ya kwanza alibaki mzima. Baada ya wiki tatu hivi akapewa tena, kipimo kidogo tu. Akahema kwa shida, akaanguka, akafa kabla ya nusu saa kwisha. Badala ya kulindwa, alikuwa amedhoofishwa. Mwaka 1902 walitangaza jambo hili na kuliita anafilaksia, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Neno aleji lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, tabibu wa watoto katika mji wa Vienna.

Sababu yake ilijulikana baadaye sana, katika miaka ya 1966 na 1967. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na wataalamu wa Sweden kwa njia yao, waliigundua kingamwili ya aina ya E. Mtu akikutana na kitu mara ya kwanza, mwili wake waweza kutengeneza kingamwili hizi kimya kimya. Nazo hushikamana na chembe zilizojaa histamini. Kitu kile kikirudi, chembe humwaga histamini yake, ndipo ngozi huwasha, midomo huvimba, kifua hubana.

Basi, mtu akisema, "Dawa hii nalipewa mwaka jana, haikunidhuru, haiwezi kuwa mzio," neno lake si ushahidi. Mara ya kwanza mlinzi huandika jina tu. Mara ya pili hupiga.

3. Kupima: kwanza kwa masikio

Kipimo cha kwanza cha mzio ni maswali, wala hakina gharama. Ulikula nini, au ulipewa dawa gani? Dalili zilianza baada ya dakika ngapi au siku ngapi? Zilikuwa vipele, uvimbe, kuhema, kutapika? Zilikwishaje? Je, umekutana tena na kitu kile tangu siku hiyo, ikawaje? Mzio wa haraka kwa kawaida hutokea katika dakika chache, au saa moja au mbili. Mtu aliyeumwa tumbo siku ya tatu baada ya kula yai, hana sababu ya kulishtaki yai lile upesi.

Kipimo cha pili ni cha ngozi. Asili yake ni Charles Blackley, tabibu wa Manchester nchini Uingereza, aliyeteswa yeye mwenyewe na mafua ya chavua. Aliikwaruza ngozi yake, akaipaka chavua, akaona yavimba. Akaeleza habari hizo katika kitabu cha mwaka 1873. Leo tone la kitu kinachoshukiwa hutiwa mkononi, na ngozi huchomwa kidogo kwa ncha ndogo kupitia tone hilo. Kando yake hutiwa matone mengine mawili: moja la maji ya chumvi, lisilopasa kuleta uvimbe, na moja la histamini, lisilokosa kuleta uvimbe. Hayo mawili ni mashahidi. Yakikosa kusema kweli, kipimo chote ni bure. Baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, ngozi imeitika. Mgonjwa aliyemeza dawa za kuzuia histamini siku zile hana budi kusema, maana dawa hizo huinyamazisha ngozi.

Kipimo cha tatu ni cha damu, kutafuta zile kingamwili za aina ya E.

Lakini hapa pana neno kubwa la kukumbuka: kuitika kwa ngozi au damu si ugonjwa. Ni dalili tu kwamba mlinzi amekwisha kuandika jina. Huko Ghana watoto wa shule zaidi ya 1,500 walichunguzwa. Damu ya watoto 17 hivi katika kila 100 ilikuwa na kingamwili za karanga, lakini ngozi iliitika kwa 2 hivi tu katika kila 100, na wengi walikula karanga bila shida yo yote. Wachunguzi waliona kwamba jambo hili laambatana na kichocho: kinga iliyotengenezwa juu ya mnyoo ule yazitambua pia sukari zinazofanana nazo katika karanga. Kama watoto hao wangalihukumiwa kwa damu peke yake, wangalinyimwa bure chakula chema kilicho karibu nao.

Kwa hiyo, shaka ikibaki, tabibu humpa mgonjwa chakula kile hospitalini, kidogo kidogo, kikizidi hatua kwa hatua, dawa zikiwa tayari mkononi. Ndicho kipimo cha kukata shauri. Mtu asikijaribu nyumbani.

4. Penisilini: jina baya lililoandikwa bure

Watu wengi huambiwa, "Wewe usipewe penisilini." Katika Marekani, wagonjwa 10 hivi katika kila 100 wameandikwa hivyo. Walakini wakipimwa vema, zaidi ya 9 katika kila 10 wa hao huonekana waweza kuitumia salama. Sababu ni nini? Mtoto alikuwa na homa ya virusi yenye vipele, akapewa dawa siku ile ile, na dawa ikashtakiwa. Mwingine alitapika tu. Wa tatu alikuwa na mzio wa kweli, lakini umekwisha kwa kupita miaka. Maana watu 8 hivi katika kila 10 wenye mzio huu hupoteza mzio wao baada ya miaka 10.

Je, kuna hasara gani? Tazameni mama mjamzito mwenye kaswende. Penisilini ya benzathini ndiyo dawa pekee iliyothibitishwa kumtibu mtoto aliye tumboni pamoja na mama yake. Tazameni tena mtoto ambaye homa ya baridi yabisi imemharibu moyo: kwa miaka mingi huchomwa penisilini kila wiki tatu au nne ili ugonjwa usirudi. Neno moja lililoandikwa katika cheti bila kuulizwa laweza kuwanyima hao wawili kinga yao. Na mama akionekana kweli ana mzio, hospitali kubwa huweza kumzoeza dawa hiyo kwa vipimo vidogo vinavyoongezeka, akiangaliwa daima.

Lakini tahadharini. Mtu ambaye dawa ilimletea malengelenge, ngozi ikachubuka, na kinywa na macho vikawa vidonda, huyo asirudie dawa ile kamwe, wala asipimwe kwa kuonjeshwa.

5. Karanga: kuzia kulikozaa mzio

Kwa miaka mingi matabibu waliwashauri wazazi wasiwape watoto wadogo karanga. Katika Uingereza shauri hilo lilitolewa mwaka 1998 kwa jamaa zenye mizio. Katika Marekani mwaka 2000. Hata hivyo mzio wa karanga haukupungua. Ndipo Gideon Lack na wenzake wa London walipoona jambo la ajabu: watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio huu mara kumi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israeli, ambao hula vitafunio vya karanga tangu uchanga.

Wakawatwaa watoto 640 wenye umri wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga, nusu walizuiliwa, hata wakafika miaka 5. Habari zilitolewa mwaka 2015. Kati ya waliozuiliwa, 17 hivi katika kila 100 walikuwa na mzio; kati ya waliolishwa, 3 hivi tu. Basi shauri la kale lilikuwa likizaa kile lilichotaka kukizuia. Mlinzi aliyemzoea mgeni mezani tangu utoto hampigi.

Mtoto apewe karanga zilizosagwa laini katika uji, wala si punje nzima, zisije zikampalia. Na mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe kwanza na tabibu.

6. Mzio wa kweli na saa ya hatari

Mzio uliothibitishwa utaka mambo matatu: kukiepuka kitu chenyewe, kuwa na dawa, na kuwafundisha walio karibu. Kwa vipele na mafua, dawa za kuzuia histamini zatosha. Kwa pumu, tabibu hutoa dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa ndani ya kifua, nayo hutumiwa kila siku hata pasipo dalili. Kwa mzio wa nyuki au wa chavua, yako matibabu ya kuuzoeza mwili, yaliyoanzishwa na Leonard Noon wa London mwaka 1911. Huchukua miaka 3 hadi 5 mikononi mwa mabingwa.

Walakini anafilaksia haingoji. Mtu aumwe na nyuki, au ale kitu, au achomwe sindano. Na baada ya dakika chache ngozi yajaa vipele, sauti yakwaruza, kifua chapiga filimbi, atapika au azimia. Mfanyieni hivi:

Kwanza, achomwe adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa nusu miligramu. Mtoto, sehemu moja ya mia ya miligramu kwa kila kilo ya uzito wake, isizidi nusu miligramu. Vidonge vya kuzuia histamini havishiki mahali pa dawa hii.

Pili, alazwe chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida aweza kuketi; mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa, maana wengine wamekufa kwa kuinuliwa ghafula.

Tatu, asipopata nafuu kwa dakika 5, achomwe tena.

Nne, apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa kuwa dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Nanyi walimu wa vijiji, ambao watu huwakimbilia kabla ya wengine wote: ulizeni leo, kabla ya siku ya hatari, kama zahanati yenu ina adrenalini. Na mtu akiwaambia ana mzio, msimcheke, wala msimwamini upesi. Mwulizeni yale maswali, mwandikeni majibu, mpelekeni apimwe. Akionekana anao, azie kwa moyo wote. Akionekana hana, arudishiwe chakula chake na dawa yake.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kinga ya mwili hukosa kwa njia zipi tatu?
2. Kwa nini mtu aweza kudhurika na kitu ambacho zamani hakikumdhuru?
3. Watoto wa Ghana watufundisha nini juu ya kipimo cha damu?
4. Mama mjamzito aliyeandikiwa bure kwamba ana mzio wa penisilini apata hasara gani?
5. Katika anafilaksia, ni dawa gani ya kwanza, nayo huchomwa wapi?