Darsa fupi la leo: Mgongee mlango

Huku Geita na Kahama, kijana akichimba miezi bila dhahabu, madeni juu, mara unaona anajifungia ndani, hata daku haamki. Tunasema, "Imani ndogo." Hapana jamani! Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni.

Kutembea kila siku husaidia kupunguza sonona. Ila kwake kuanza ndiyo mlima, kwa hiyo mfuate baada ya Alasiri: "Mdogo wangu, twende taratibu mpaka msikitini, tufuturu huko." Akikataa, kesho rudi. Kama ana dawa asiziache kwa sababu ya saumu, amuulize daktari. Akitaja kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.