Umande Ndani ya Kitalu Nyumba



Mwaka jana mjomba wangu wa hapa Kwapa alijenga kitalu nyumba, yaani banda la miti lililofunikwa kwa nailoni, akapanda nyanya za kuuza Malaba. Karo yangu ilitegemea nyanya hizo. Kila alfajiri tulikuta majani yamelowa na matone yakianguka kutoka juu. Mjomba alidhani nailoni imetoboka, akapanda kuziba matundu. Hakuona hata moja.

Maji yale hayakutoka nje. Mchana kutwa udongo na majani hutoa mvuke. Hewa yenye joto la digrii 30 huweza kuchukua mvuke wa gramu 30 hivi katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi digrii 18 huchukua nusu tu. Basi usiku mvuke uliozidi hugeuka matone, kama tuonavyo chini ya mfuniko wa sufuria.

Jani likilala na maji, ugonjwa wa baka jani chelewa hupata njia. Ndio uleule ulioanza kuharibu viazi vya Ireland mwaka 1845. Kwetu uliangamiza matuta mawili mazima, nami likizo ile nikafyatua matofali ili nipate karo.

Kosa letu lilikuwa kufunga banda jioni kwa kuogopa baridi. Yafaa kuacha nafasi wazi juu, hewa yenye mvuke itoke kabla jua halijatua, na kumwagilia asubuhi, maji yaende shinani. Tena lifunguliwe mapema jua likichomoza, kwa kuwa hewa hupata joto upesi kuliko tunda, na tunda lililo baridi hulowa upya.

Kuhusu mwanga, mjomba alipaka paa chokaa mwezi wa Januari. Alifanya vema, maana joto likizidi maua hupukutika. Lakini mvua zilipoanza hakuiosha. Mawingu, chokaa, vumbi la malori, na matone yenyewe, vyote vilizuia mwanga. Miche ikarefuka, ikawa myembamba, ikalala chini.

Sasa tumeosha paa, na tumeacha wazi futi moja chini yake pande zote mbili, tukatundika wavu wa kuzuia wadudu. Jana alfajiri nilipapasa majani, yalikuwa makavu. Lakini usiku wa mvua hewa ya nje nayo imejaa maji, na hapo bado tunataabika. Ninyi mliotutangulia shuleni, mwenye njia atuandikie.