Kabla Hujanunua Katauti ya Land Rover

Land Rover ya zamani, Series II au IIA, ikianza kumaliza betri, wa kwanza kushitakiwa ni katauti: lile boksi la Lucas la kudhibiti chaji, mara nyingi RB106, lililofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hubadilishwa, na kesho yake betri imelala tena. Usinunue mpya kabla ya kuipima dainamo.

Anza na belti. Ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba, iingie kama milimita 12. Kisha chomoa nyaya za D na F kwenye katauti, uziunganishe zenyewe kwa zenyewe, na uweke mita ya umeme kati ya muungano huo na bodi. Washa injini, ongeza mafuta taratibu. Volti zipande haraka bila kurukaruka, nawe usiziache zipite 20. Zikigoma kwenye 1 au 4, tatizo liko kwenye dainamo au waya zake. Fungua uangalie kaboni kwanza, maana huisha na ni za bei ndogo.

Dainamo ikifaulu, rudisha D na F mahali pake, kisha kagua waya wa E, yaani athi. Katauti isiyo na athi safi haiwezi kudhibiti volti sawasawa, na kutu kidogo chini ya skrubu inatosha kuivuruga. Piga msasa, kaza, pima tena. Wengi matengenezo yao huishia hapo.

Bado haichaji? Sasa nunua. Hakikisha inalingana na dainamo: C40/1, kwa mfano, hutoa ampea 22. Uliza pia ndani kuna nini. Siku hizi maboksi mengine yana umbo la zamani lakini ndani ni ya kielektroniki, na hayo hutengenezwa ama kwa athi chanya ama kwa athi hasi. Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Ukikosea, boksi linaungua papo hapo.

Chomoa betri. Funga alama (A, A1, D, F, E) kwenye kila waya kabla ya kuugusa, kwa sababu rangi za miaka hiyo zimeshapauka na mafundi rewaya kadhaa wamepita humo. Hamisha mmoja mmoja hadi kwenye boksi jipya, F ukiuacha mwisho.

Kabla ya kurudisha F mahali pake, unganisha betri, kisha chukua kipande cha waya kutoka kwenye nguzo ya betri isiyo na athi, uguse ncha ya waya wa F mara moja tu, cheche itoke. Hapo dainamo inakumbushwa upande wake wa chaji. Usifanye hivyo F ikiwa bado imefungwa kwenye katauti. Utaunguza pointi zake.

Rudisha F, washa, ongeza mafuta, pima kwenye betri. Kati ya volti 13.5 na 14.5, umemaliza. Taa ya chaji ikipepesa injini inapounguruma polepole, usihangaike, dainamo ndivyo zilivyo. Lakini mita ikipita 15, zima injini kabla betri haijaanza kuchemka, na umpelekee fundi mwenye mita nzuri airekebishe springi ya katauti. Usiikunje mwenyewe kwa koleo.