Somo la ufundi: moteri moja, kazi mbili

Mashine ya kulehemu ao kusudere yenye moteri yake inatoa pia umeme wa vyombo vingine. Tuhesabu: priz ya volti 220 na amperi 10 inabeba vati 2200, basi. Ukichomeka mashine ya kusaga chuma ya vati 2000 na taa ya vati 500, fuzi inaweza kukatika. Na mwenzako akiwa analehemu, umeme wa priz unapungua tena, maana moteri ni moja.

Kiongozi cha mbali: zimisha moteri kwanza, chomeka waya, kaza, kisha geuza swichi ya mashine upande wa mbali. Ukisahau, kule juu ya paa utazungusha bure.

Mvua ikinyesha, acha kazi: volti 220 zinaua.

Swali: Hakuna anayelehemu. Taa 3 za vati 100 na chombo cha vati 1800, priz itabeba?